Mwanangu ataka gemu za wingu, nasi tuko Wete

*"Assalaam alaykum. Mwanangu amemaliza mtihani wa Kidato cha Nne, anasubiri matokeo. Tangu yuko skuli ananiomba kompyuta ya gemu. Tuliulizia Darajani tukatajiwa shilingi 3,400,000, nami sina fedha hizo. Sasa binamu yake aliyeko Uingereza amemwambia hakuna haja ya mashine kubwa: kuna gemu za wingu, unalipa kama dola 10 kwa mwezi, gemu inaendeshwa na mashine iliyo mbali, na kompyuta yetu ya mkononi ya mwaka 2014 yenye ramu ya giga 4 inatosha. Juzi alijaribu kwa programu ya bure ya VPN inayokufanya uonekane uko nchi nyengine. Picha ilikuja, lakini akibonyeza kupiga shuti, mchezaji anapiga baada ya mpira kuondoka. Yeye anasema tatizo ni bando dogo, ninunue kubwa. Mbona YouTube haikwami kwa bando hilohilo? Je, jambo hili ni kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Tuko Wete, Pemba, intaneti yetu ni ya simu, na umeme hukatika."*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya kijana wako: hakudanganyi, wala binamu yake hamdanganyi. Gemu za wingu zipo, zinafanya kazi, na huyo wa Uingereza anazicheza vizuri kama alivyosema. Kompyuta yenu ya mwaka 2014 nayo kweli ingetosha, kwa sababu katika mpango huu haiendeshi gemu. Kazi yake ni kuonyesha video inayokuja na kupeleka vibonyezo vya vidole. Hesabu nzito za nyasi, vivuli na wachezaji 22 zinafanywa na mashine ya kampuni.

Alipokosea kijana ni pale anaposema dawa ni bando kubwa. Ukinunua bando hilo leo utakuwa umetoa fedha na shuti litaendelea kuchelewa vilevile. Nimefunga mitandao na kutengeneza kompyuta visiwani kwa miaka mingi, na kosa hili la kuchanganya spidi na umbali ndilo linalowatoa watu fedha kuliko jengine lolote. Kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Chukua meli inayopakia karafuu. Meli kubwa hubeba magunia elfu kwa safari moja, mashua hubeba ishirini. Ukubwa huo ndio spidi inayotangazwa na makampuni ya simu: megabiti kadhaa kwa sekunde, yaani mzigo kiasi gani unapita kwa wakati mmoja. Lakini meli iwe kubwa namna gani, haiisogezi Wete karibu na inakokwenda. Muda wa kwenda na kurudi ni jambo jengine kabisa. Wachezaji wanauita pingi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Bando kubwa linakununulia meli kubwa. Safari inabaki ileile.

Sasa YouTube. Nyumba nyingi zetu zina tangi la maji. Mfereji ukitoa maji usiku, tangi linajaa, na asubuhi unaoga hata kama mfereji umekauka. YouTube hufanya hivyo: huvuta sekunde nyingi za mbele za video na kuziweka akiba, hivyo mtandao ukiyumba kidogo wewe huoni kitu. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu video imeshamalizika kutengenezwa. Sekunde ya kumi ijayo inajulikana. Gemu haina tangi. Picha inayofuata haipo bado duniani mpaka mwanao aamue kupiga shuti au kutoa pasi. Uamuzi huo sharti usafiri hadi kwenye mashine, mashine ichore picha mpya, iibane iwe video, iirudishe, na kompyuta yenu iifungue na kuionyesha. Haya yote yanarudiwa mara 60 kwa sekunde moja. Kila tone linaliwa linapofika, na likichelewa hakuna akiba ya kuziba pengo.

Safari hiyo ni ndefu kiasi gani kutoka Pemba? Hapa hesabu ni rahisi na haibishaniki. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali hukugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka Pemba hadi London kwa mstari ulionyooka kama wa kunguru ni zaidi ya kilomita 7,000. Hizo ni milisekunde 70 na ushei zimeshaliwa, hata mngekuwa na mtandao wa ajabu. Na waya haupiti kama kunguru. Waya za baharini zinazotuunganisha na Ulaya kwa upande wa kaskazini huzunguka Pembe ya Afrika, zikapanda Bahari ya Shamu, zikakatiza Misri na kuingia Bahari ya Kati. Umbali wa kweli unapita hapo mbali, kwa hiyo milisekunde mia moja zimeshakwisha kabla hujahesabu mnara wa simu, kubana na kufungua video, na skrini yenyewe.

NVIDIA, kampuni yenye huduma ya gemu za wingu iitwayo GeForce NOW, wanaeleza wazi wanachotaka: pingi iwe chini ya milisekunde 80 kutoka kwenye kituo chao, na wanapendekeza chini ya 40. Binamu wa Uingereza kituo kiko karibu naye. Sisi tunavuka ukomo huo kwa umbali peke yake.

Na kijana aliongeza VPN. Programu ile haifupishi njia, inaipindisha. Kibonyezo kilitoka Wete, kikaenda kwanza kwenye mashine ya VPN, ambayo kwa hizo za bure hujui iko wapi na imebeba watu wangapi, ndipo kikaenda kwenye gemu, na kurudi kwa njia hiyohiyo. Nikikisia kwa ulivyoeleza, alikuwa anacheza kwa kuchelewa milisekunde 200 au zaidi. Ni kidogo ukikaa unahesabu, si kidogo uwanjani. Penalti inayopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, kutoka mita 11, hufika golini kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Mchukue kipa wa Gombani umfunge macho kwa milisekunde 200 za mwanzo: akifumbua, mpira uko nusu ya njia. Ndivyo mwanao alivyokuwa anacheza, na wala si kosa la vidole vyake.

Kuna jambo jengine ambalo intaneti ya simu inaongeza, nalo ni kuyumba. Mnara mmoja unagawiwa na mtaa mzima. Alfajiri uko peke yako, baada ya isha kila mtu ameshika simu. Pingi inaruka kutoka 90 hadi 250 na kurudi. Mchezaji anaweza kuzoea kuchelewa kwa kudumu, kama anayesikia mwangwi akajifunza kuungojea. Kuyumba hakuzoeleki.

Nije kwenye fedha, maana ndiko uliko na wasiwasi. Dola 10 si gharama yote. GeForce NOW wanataka spidi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 720p, na 25 kwa 1080p iliyo safi zaidi. Megabiti 8 ni megabaiti 1. Ukipiga hesabu, megabiti 15 kwa sekunde kwa saa nzima ni karibu giga 6.75. Akicheza saa mbili kila siku kwa wiki moja, ni giga 94 na nusu. Nikiwa mwadilifu, huduma haitumii kiwango chote kila sekunde. Basi kata nusu. Bado ni giga 47 kwa wiki, kwa bando la simu, na mwezi una wiki nne. Wewe unajua bei ya bando kuliko mimi ninavyoweza kuiandika hapa, kwa kuwa hubadilika. Linganisha na gemu iliyomo ndani ya mashine yenu wenyewe: akicheza na wenzake kwa mtandao, kinachosafiri ni taarifa fupi za nani yuko wapi na amefanya nini, kwa kawaida makumi ya megabaiti kwa saa. Akicheza peke yake au na ndugu yake sebuleni, hakuna kitu.

Halafu kuna ruhusa. Makampuni haya hufungua huduma nchi baada ya nchi, na Tanzania haimo katika nchi ambazo Xbox na PlayStation wanauza gemu zao za wingu. Kupita kwa VPN ni kinyume cha masharti yao, na akaunti inaweza kufungwa ikiwa umeshaijazia fedha. Kwa sababu hiyo wamezuka watu kwenye makundi ya WhatsApp wanaouza akaunti zilizokwisha funguliwa, lipa kwanza utumiwe nenosiri. Huyo ndiye mbuzi wa kwenye gunia, dada yangu. Nenosiri moja huuzwa kwa watu kumi, au mwenyewe hulibadilisha wiki ya pili. Usimpe kijana ruhusa ya kulipia kitu kama hicho, wala usimkabidhi mtu namba za kadi yako ya benki.

Hata palipo na ruhusa, unachokilipia ni ruhusa ya kuingia, si mali. Google walianzisha Stadia, huduma yao ya gemu za wingu, Novemba 2019, kampuni yenye fedha na vituo dunia nzima, na wakaifunga tarehe 18 Januari 2023. Waliwarudishia wateja fedha za gemu walizonunua dukani kwao, na hilo nawapongeza kwalo, lakini huduma ilikwisha. Kwetu tuna sababu ya ziada ya kulitazama hili. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za baharini zinazotuhudumia, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania nzima intaneti ikadorora kwa siku kadhaa. Nilikuwa na wateja wanalia kwa benki na barua pepe. Vijana wenye gemu za diski waliendelea kucheza.

Sasa nikushauri kama ningemshauri dada yangu wa tumbo moja.

Usinunue mashine ya milioni tatu na laki nne. Bei hiyo ni ya mtu anayetaka kila gemu mpya kwa picha ya juu kabisa, na wewe una kijana anayependa mpira. Kama haja ni gemu tu, tafuteni PlayStation 4 iliyotumika. Imetoka mwaka 2013, imezagaa, gemu zake za diski watu huazimana na kuuziana mtaani, na kwa kawaida utaipata chini ya theluthi ya fedha ulizotajiwa. Uzuri wa diski ni kwamba gemu ya giga 40 au 50 hailazimiki kupita yote kwenye bando lako. Sehemu kubwa imo kwenye sahani.

Lakini msinunue kwa kuiona inawaka tu. Mwambie muuzaji unataka ichezwe saa nzima mbele yenu. Feni ikianza kuunguruma kama jenereta, au ikajizima yenyewe, imejaa vumbi au imechoka, ondokeni. Ingizeni diski na kuitoa mara tatu nne. Shikeni pedi bila kugusa vijiti vyake, mtazame kama mchezaji anatembea mwenyewe. Iunganisheni na intaneti ya simu mhakikishe haijafungiwa na Sony kwa makosa ya mwenye nayo wa kwanza. Na igeuzeni nyuma mtazame skrubu na tundu la HDMI, lile la waya wa televisheni. Sisi tunakaa na chumvi ya bahari. Mashine iliyokaa karibu na dirisha la pwani huonyesha kutu hapo kabla ya pengine pote, na kutu unayoiona nje huwa imeshaanza ndani.

Kama mwanao ana nia ya kusomea mambo ya kompyuta, tuseme Taasisi ya Karume au SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, matokeo yakija vizuri, ningegeuza ushauri. Hapo kompyuta ya mezani iliyotumika, zile zinazotoka maofisini, ikiongezwa kadi ya grafiki ndogo, itamfaa kwa yote mawili. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni mfano mzuri: matoleo yake mengi hula wati 75 tu na hayahitaji waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo hukaa hata kwenye mashine ya ofisi yenye pawa saplai ndogo. Ila kuna maboksi membamba ambayo kadi ya kawaida haiingii. Pimeni kabla ya kulipa, au nendeni na boksi lenyewe dukani. Haitacheza kila kitu kilichotoka mwaka huu. Itacheza mpira, na itamfundisha kufungua mashine na kuijua, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko gemu yenyewe.

Kompyuta yenu ya 2014 msiitupe. Iongezeni diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, na ramu ifike giga 8 kama ina nafasi, mtashangaa. Na huenda ikawa na kazi nyengine ambayo nadhani itamfurahisha kijana, ikiwa programu yenyewe itakubali mashine ya umri huo. PlayStation 4 ina uwezo unaoitwa Remote Play: inaendesha gemu sebuleni, na kuituma kama video hadi kwenye kompyuta au simu iliyo chumbani. Ni ufundi uleule wa gemu za wingu, ila mashine ya mbali iko mita sita kutoka kwake na siyo kilomita elfu saba. Mnahitaji rauta ya kawaida, PlayStation iunganishwe nayo kwa waya, na kompyuta ikae karibu. Intaneti inahitajika kuingia kwenye akaunti, lakini video inazunguka ndani ya nyumba na hailambi bando. Wewe utatazama taarifa ya habari kwenye televisheni, yeye anacheza kwenye kompyuta yake ya zamani, na shuti litaondoka anapobonyeza.

Umeme. Tangu Pemba iunganishwe kwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010 mambo si kama ya zamani za majenereta, lakini kukatika kupo, na kinachoua mashine zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Mzoeze kuchomoa plagi umeme ukikatika, na kungoja dakika chache ukirudi. UPS ndogo, yaani betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika, ni nzuri kwa kompyuta ya mezani. Kwa PlayStation, hata stabilaiza ya kawaida ni bora kuliko kuichomeka ukutani mkavu.

Yapo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Mkigusa sehemu ya chuma ya mashine mkasikia mkono unawasha, au taa zikififia kila inapowashwa, mwiteni fundi umeme mwenye leseni aangalie waya na athi ya nyumba. Hilo halihusu gemu tena. Betri ya kompyuta ya zamani ikiwa imevimba hata ikainua kibodi, izimeni, msiichaji, mpelekeeni fundi. Na kabla ya kukubali mkataba wowote wa intaneti ya nyumbani, mwombeni wa kampuni aje apime hapo nyumbani kwenu, ndani ya chumba mtakachotumia, usiku. Kipimo cha ofisini kwake hakikuhusu.

Hili la kupima kijana anaweza kulianza leo kwa simu, na lina mtego. Programu za kupima spidi huchagua zenyewe mashine iliyo karibu, Unguja au Dar es Salaam, ndiyo maana huonyesha pingi ndogo nzuri na watu wakajiona wako tayari. Mwambie abadilishe kwa mkono, achague Johannesburg kwanza, kisha London. Apime mara tatu: baada ya alfajiri, adhuhuri, na baada ya isha. Aandike namba kwenye karatasi, siku tatu mfululizo.

Mambo haya yanaweza kubadilika. Kampuni ikiweka mashine zake za gemu Dar es Salaam, umbali wa kama kilomita 200 kutoka kwenu, mwanga utakwenda na kurudi kwa milisekunde 2, na nitakuwa wa kwanza kukwambia ulipie. Kwa sasa, namba za kijana zikionyesha Johannesburg iko chini ya 60 baada ya isha bila kuyumba, na ukaikuta huduma inayoitaja Tanzania waziwazi katika nchi zake, niandikie tena uniletee na karatasi ile.